Pawa saplai kwanza

Fundi wa kompyuta anayeijua kazi yake, pale Bwera, magharibi mwa Uganda, haanzi na prosesa. Mteja amekuja na milioni moja na nusu ya shilingi. Ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, au ana kijana anayehariri video za harusi, na majina aliyoyasikia ni i5 na i7. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza: "Mama, mashine itakaa wapi?" Kasese mjini ni jibu moja. Mpondwe, kando ya barabara ya malori yanayovuka mpaka kwenda Kasindi, ni jibu jingine. Likitajwa Kabatoro, fundi anaacha habari za i7, analigeuza kasha lililo mezani na kutazama nyuma, pale waya wa umeme unapoingia.

Napenda kuutazama uchaguzi huu kuliko hata ufungaji wenyewe. Kufunga kompyuta ni kazi ya saa mbili tatu, na mwenye mkono mtulivu hujifunza upesi. Kuchagua vifaa kwa fedha isiyotosha kunadai mtu anayejua kila kifaa kinakufa kwa ugonjwa gani. Kwa ukanda huu wa magharibi mwa Uganda, nimekuja kuamini kwamba kompyuta nyingi huuawa na mahali zilipo kabla kazi haijazishinda, na mafundi ninaowaheshimu hununua vifaa wakiwa na wazo hilo kichwani.

Tuanze na umeme. Kwa maandishi ni volti 240. Kwenye kijiji kilicho mwisho wa laini, saa moja jioni nyumba zote zikiwasha taa na televisheni, volti hushuka. Umeme ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Kifaa cha kwanza kupokea kishindo hicho ni pawa saplai, na ndicho wateja wengi hutaka kukibania fedha kwa sababu hakionekani kufanya lolote. Fundi huishika mkononi aupime uzito wake. Zile za bei ya chini zimebandikwa karatasi ya wati 500 lakini ni nyepesi mno: ndani yake vipoza joto ni vyembamba, kapasita ni ndogo, na sehemu iliyopaswa kuwa na koili za kuchuja umeme imeachwa wazi. Anamulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni, anahesabu kilichomo na kilichokosekana. Halafu anatafuta kile kitufe chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na mtu akachomeka umeme wetu, pawa saplai hulipuka papo hapo. Yeye hupendelea ile isiyo na kitufe, iliyoandikwa 100 hadi 240, kwa kuwa hiyo hujirekebisha yenyewe na huendelea kufanya kazi hata volti zikianguka hadi 170. Ya wati 400 za kweli inamfaa kuliko ya wati 600 za kwenye karatasi.

Kisha Kabatoro yenyewe. Mji huu uko kati ya Ziwa Edward na Ziwa Katwe, na Katwe ni ziwa la kreta lisilo na mto unaotoka, ambalo jua hulikausha mpaka chumvi igande kwenye vijaruba vya wachimbaji. Vumbi lake lina chumvi. Kutoka kwenye matope ya ziwa hupanda harufu ya salfa, na gesi yenye harufu hiyo hula shaba na fedha, madini yaleyale yanayobeba umeme ndani ya kompyuta. Kabatoro ilishajifunza somo la vifaa kwa gharama kubwa mno. Miaka ya 1970 serikali ilijenga hapo kiwanda cha chumvi kwa msaada wa kampuni ya Kijerumani. Maji ya ziwa yaliyatoboa mabomba yake, na kiwanda kikasimama muda mfupi tu baada ya kuanza. Mabaki yake yangalipo. Mitambo iliagizwa na watu wenye ujuzi mkubwa, lakini chuma chake hakikufaa kwa maji ya Katwe. Ninapomwona fundi akikataa kuweka ubao mama wa bei poa ulioanza ukungu wa kijani kwenye soketi, namwelewa vizuri zaidi kwa sababu ya kiwanda kile.

Kwa hiyo mashine ya Kabatoro hupata kasha lenye kichujio cha vumbi, na feni ya mbele inayovuta hewa kidogo zaidi ya ile ya nyuma inayotoa, ili vumbi lisinyonywe kupitia kila mwanya. Miguu ya ramu lazima iwe na dhahabu safi isiyokwanguka. Kipoza joto cha prosesa akikipata chenye kiini cha shaba hukichukua, maana bonde hili ni la joto, na chini ya bati saa nane mchana feni ndogo ya kipoza cha aluminiamu tupu hupiga kelele bila mafanikio. Watu wa Kasese, waliokulia karibu na mgodi wa Kilembe, hawahitaji kuelezwa shaba ni nini.

Hapo ndipo hesabu ya fedha inapoingia. Njia ya kwanza ni mashine iliyotoka kwenye ofisi za Ulaya, Dell OptiPlex au HP, inayofika Kampala kwa kontena na Bwera kwa basi. Imetengenezwa vizuri, kasha zito, ubao mama imara. Lakini fundi huuliza maswali mawili. La kwanza ni umri wa prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Ndiyo maana i5-6500 ya mwaka 2015 huuzwa rahisi, na i5-8500 ya 2018, yenye viini sita badala ya vinne, bado ina bei. Kwa duka la kuchapa, ambako walimu huja na mafaili yao ya Word, nakubaliana naye kuongeza fedha kwa ile ya pili. Swali la pili ni pawa saplai tena. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye ubao mama badala ya pini 24 za kawaida. Pawa saplai yake ikiungua Kabatoro, huwezi kuchukua ya duka lolote ukaichomeka. Fundi haiuzi mashine hiyo mpaka awe na pawa saplai ya akiba au waya wa kubadilishia.

Njia ya pili ni vifaa vipya kwa soketi ya AM4, na kwa kijana wa video ndiyo anayoipenda. Ryzen 5 5600G ina viini sita na kadi ya picha ndani yake, kwa hiyo ununuzi wa kadi ya pembeni unaweza kusubiri. Lakini kadi hiyo ya ndani hukopa ramu. Hapa fundi habadili msimamo: vipande viwili vya GB 8, kamwe si kimoja cha GB 16. Viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, GB 51 kwa sekunde badala ya karibu 26, na tofauti huonekana pale video inapochezwa. Agizo hilo limekuwa chungu tangu mwisho wa 2025, bei ya ramu ilipopanda duniani kote kwa sababu vituo vya akili unde vinainunua kwa wingi. Akibanwa, anapunguza ukubwa wa diski ya SSD, kwa sababu diski huongezwa baadaye bila kuvunja chochote.

Na kijana akirudi mwakani na fedha ya kadi ya picha, fundi amekwisha kumwandikia kwenye daftari: GTX 1650, ile isiyo na waya wake wa umeme. Inakula wati 75, ambazo ndizo tundu la ubao mama linazoweza kutoa, kwa hiyo pawa saplai ileile itaibeba.

Kabla ya kukabidhi, mashine huwashwa mchana, dukani, bila feni ya chumba, ikichakata video kwa saa mbili huku joto la prosesa likisomwa kwenye skrini. Fedha iliyobaki mama wa duka la kuchapa alitaka aongeze kwenye skrini ya inchi 24. Fundi alimbembeleza kwa heshima, akamwonyesha pawa saplai iliyoungua iliyokuwa chini ya meza, na mama akachukua stabilaiza ya umeme na skrini ya mtumba ya inchi 19.