Pole au Samahani? Uhakiki wa Ukurasa wa Kosa

Kuna utanzu mmoja wa maandishi ambao kila mwenye simu ameusoma lakini sijawahi kuona ukihakikiwa: ukurasa wa kosa. Ule unaokutokea ukibonyeza linki halafu unaambiwa kitu hakipo. Maneno ishirini hivi, pengine na katuni. Nimeandika kadhaa kwa malipo, nimesoma nyingi mno, na msimamo wangu ni huu: kurasa nyingi ni mbaya kwa sababu aliyeziandika hakuamua ni nani aliyekosa.

Tuanze na nambari, maana ndizo muswada wa kwanza. Seva ikishindwa kukupa ulichoomba, hujibu kwa tarakimu tatu. Zinazoanza na 4 zinamnyooshea kidole aliyeomba: 404, unachotafuta hakipo. Zinazoanza na 5 ni seva kukiri yenyewe: 500, nimeharibikiwa huku ndani, 503, kwa sasa siwezi kukuhudumia. Lawama imeshagawanywa hata kabla mwandishi hajashika kalamu.

Kuweka maneno yako juu ya nambari hizo si kazi ngumu. Kwenye Apache au Nginx ni mstari mmoja wa mipangilio. Kwenye Django unazima hali ya majaribio, unaweka faili za 404.html na 500.html kwenye folda ya templeti, basi. Fundi anamaliza kabla chai haijapoa. Kinachobaki ni uandishi, na hapo ndipo watu hujiokoa na "Ups!"

Kiingereza kinawasaidia kujificha. Neno lao la kuomba msamaha ndilo hilo hilo la kumfariji mfiwa, kwa hivyo ukurasa unaweza kusikitika bila kukubali kosa. Kiswahili hakikupi huo mwanya. Pole unampa mtu aliyepatwa na jambo. Samahani inamtoka aliyelisababisha. Najua, Nairobi mtu akikukanyaga ndani ya matatu anasema "pole" na safari inaendelea. Lakini ukiandika lazima uchague, na ukishachagua umetoa hukumu.

Mfano mzuri wa zamani ni nyangumi wa Twitter. Mtandao ulipozidiwa ilitokea picha ya Yiying Lu: nyangumi mkubwa akiinuliwa kwa kamba na ndege wadogo. Watu waliipenda hadi wakaivaa kwenye fulana, kampuni ikaja kuistaafisha mwaka 2013. Utamu wake haukuwa katuni tu. Picha ilisema kile kile ambacho maneno yalisema, kwamba mzigo umewashinda wabebaji. Hiyo ni samahani. Mbwa wa Amazon wanaowekwa kwenye kurasa za makosa wanapendeza pia, lakini ungeweka paka na maana isingebadilika.

Pole nayo ina kazi yake bora. Mradi wa NotFound wa Ulaya, unaohusiana na shirika la Missing Children Europe, uliwaomba wenye tovuti waweke picha za watoto waliopotea kwenye 404 zao. Unaambiwa ukurasa haupatikani, na hapo hapo unamtazama mtu asiyepatikana. Linki yako iliyokufa inakuwa jambo dogo ghafla.

Sasa linganisha na hii. Nilipokuwa bado chuoni, usiku wa mwisho wa kulipa karo, tovuti ya chuo ilianguka. Pesa ilikuwa imeshatoka kwa simu, na yenyewe ilikuwa ya shangazi. Kilichotokea ni tumbili anakuna kichwa na maneno mawili: "Ups! Umepotea?" Manze, sikuwa nimepotea. Nilitaka kujua kama nilipe tena au nisubiri, na nimpigie nani. Ukurasa ule ulimbebesha mgeni kosa la mwenye nyumba, kisha ukamcheka.

Mbaya zaidi ni ukurasa unaokana kuwa ukurasa wa kosa. Kitu kimefutwa, lakini seva inajibu 200, yaani kila kitu kiko sawa, na unajikuta ukurasa wa mbele. Mafundi huita hiyo 404 laini. Makala zangu tatu za kwanza ziliishia hivyo jarida moja lilipobadilisha tovuti. Mhariri akiniomba sampuli ya kazi, linki zangu zinamwambia kwa uso mkavu kwamba sijawahi kuandika kitu. Na nambari ya kusema ukweli ipo: 410, kilikuwepo, kimeondolewa. Hiyo ni tanzia fupi, na ningeipokea kwa mikono miwili.

Kwa hivyo ukipewa kazi hii, anza na 500, maana ndiyo inayomkuta mtu katikati ya jambo. Usiufanye ukurasa huo utegemee hifadhidata, kwa sababu pengine hifadhidata ndiyo iliyokufa. Hautajua kama pesa imeingia, basi usijifanye unajua. Mwambie mtu cha kufanya: "Samahani, mtambo wetu umeharibika. Si kosa lako. Kama ulikuwa unalipa, usilipe tena kabla ya kuwasiliana nasi." Halafu weka nambari ya simu, na pawe na mtu wa kuishika.