Jinsi MRI Inavyosoma Kazi ya Ubongo Kupitia Damu

Shaba ya Kolwezi hutoka kiwandani Luilu ikiwa sahani za katodi, ikapakiwa kwenye malori na kuelekea Kasumbalesa. Madini hayo yana kazi nyingi ulimwenguni, mojawapo ikiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili. Sumaku yake husukwa kwa nyuzi nyembamba za niobi na titani zilizofunikwa kwa shaba, zikipozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzijoto -269. Hapo umeme hupita bila kizuizi. Hitilafu ikitokea, shaba huubeba ili waya usiungue.

Sumaku hiyo huonaje ubongo ukifanya kazi? Hufuata damu. Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, iliyokwisha kutoa oksijeni huvutwa na sumaku, ila yenye oksijeni haivutwi. Mwaka 1990, Seiji Ogawa wa maabara za Bell, Marekani, alipiga picha bongo za panya. Walipovuta hewa ya kawaida, mishipa ilitokea kama mistari myeusi; walipopewa oksijeni tupu, mistari ikafutika. Mwaka 1992, Kenneth Kwong na wenzake wa Boston waliwamulikia watu taa machoni, na sehemu ya nyuma ya ubongo ikang'aa.

Ungetarajia ififie, kwa kuwa ubongo ukifanya kazi hula oksijeni. Lakini mwili huleta damu kupita mahitaji, kama mwenyeji anayesonga bukari nyingi kuliko wageni, na ziada hiyo ndiyo huongeza mng'ao. Ongezeko lenyewe ni asilimia chache tu, tena hufika kileleni sekunde 5 hivi baada ya kazi kuanza. Ndiyo maana mtafiti huwasha taa, huzima, hurudia tena na tena, kisha hulinganisha vipindi vya kazi na vya mapumziko. Rangi nyekundu tunazoonyeshwa hupakwa na kompyuta baada ya hesabu hiyo.

Hesabu ikifanywa ovyo, hata mfu huonekana anafikiri. Mwaka 2009, Craig Bennett na wenzake walimlaza samaki salmoni aliyekufa mashinoni, wakamwonyesha picha za watu. Vipande vya picha vilivyopimwa vilikuwa maelfu, na bila kusahihisha matokeo ya bahati tu, vichache vikajitokeza kana kwamba vinafanya kazi. Basi anayekuletea picha ya ubongo yenye rangi akidai ameona uongo au mapenzi, muulize kwanza amelinganisha nini na nini, na amerudia mara ngapi.