Mrithi au Mtunzi? Uhakiki wa Safari ya Kisanaa ya Hukwe Ubi Zawose

1.0 Utangulizi

Hukwe Ubi Zawose, aliyefariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, hutajwa mara nyingi katika maandishi yahusuyo sanaa za Tanzania. Hata hivyo, hutajwa kwa namna moja tu: kuwa ni mwanamuziki wa asili. Sifa hiyo ni ya heshima, lakini ina kasoro. Neno "asili" humwonesha msanii kuwa mtunzaji wa mali aliyoikuta, huku mchango wake mwenyewe ukibaki kivulini. Uhakiki huu unajiuliza: katika kazi za Zawose, mapokeo ya Wagogo yanaishia wapi na utunzi wake unaanzia wapi?

Mjadala unaongozwa na mtazamo wa Albert Lord katika The Singer of Tales (1960). Lord, aliyechunguza wapigaji wa zeze la uzi mmoja katika Yugoslavia, alieleza kwamba kwa fanani wa simulizi, kutunga na kutenda ni tendo moja. Kwa mtazamo huo, fanani hawezi kupimwa kwa kuulizwa kama wimbo ni "wake" au ni wa "jadi". Hupimwa kwa kile anachokifanyia wimbo mbele ya hadhira.

2.0 Kutoka Dodoma hadi Pwani

Zawose alikulia katika jamii ya Wagogo, mkoani Dodoma. Katika miaka ya 1960 kipaji chake kilimfikia Rais Julius Nyerere, akaitwa Dar es Salaam. Huo ulikuwa wakati wa siasa mahususi ya utamaduni. Mwaka 1962 serikali ilikuwa imeunda wizara ya utamaduni, na vikundi vya taifa vya sanaa vilitarajiwa kuliunganisha taifa kwa ngoma za makabila yake. Baadaye Zawose alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na ukoo wake ukalowea huko.

Hapa pana kinaya. Mwaka 1973 serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ilhali muziki wa Dodoma ulikuwa umekwisha kuhamishiwa pwani. Ufadhili wa dola ulimpa Zawose jukwaa na mshahara, na pia ulimpa wajibu: sehemu ya nyimbo zake zilibeba sifa za taifa na viongozi. Mhakiki akiishia kwenye maneno ya nyimbo hizo, atamwona mtumishi wa sera. Utunzi wake unapaswa kutafutwa pia katika sauti na ala.

3.0 Utunzi Ulio Ndani ya Ala

Muziki wa Kigogo una mfumo wake wa sauti. Gerhard Kubik ameuhusisha na sauti zinazozaliwa kiasili ndani ya mlio mmoja. Ndiyo maana baadhi ya noti zake hukaa chini kidogo ya zile za piano, na sikio lililozoea piano huweza kudhani ala imepotoka. Mfumo huu Zawose aliukuta. Aliukuta pia mlio wa mkwaruzo unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la ilimba.

Alichokiongeza ni ukubwa. Alipiga ilimba zenye ndimi za chuma nyingi mno, ambazo baadhi hazikuguswa na kidole bali ziliitikia zenyewe jirani zake zilipopigwa. Alipanua zeze pia kwa kuliongezea nyuzi. Mabadiliko haya ni uamuzi wa kiutunzi, kwa sababu mtu mmoja aliweza sasa kubeba kazi iliyofanywa na kundi kijijini: kiongozi, kiitikio na msingi. Sauti yake nayo ilifuata mpango huohuo, ikishuka hadi mngurumo wa kooni kisha ikapaa hadi sauti nyembamba mithili ya ya mwanamke.

Albamu ya Chibite (1996), aliyorekodi na Charles Zawose, kijana wa ukoo wake, kwa kampuni ya Real World ya Uingereza, ndiyo ushahidi bora wa hoja hii. Mwachano kati ya ala na ala unasikika, na ukimya umepewa nafasi. Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook wa Kanada, ni kazi dhaifu zaidi. Si kosa la teknolojia yenyewe. Tatizo ni kwamba mapigo ya mashine yanakaza mwendo ambao Zawose aliuacha upumue, hivyo mtunzi anageuka kuwa pambo katika utunzi wa mwingine.

4.0 Suala la Umiliki

Mjadala huu una matokeo nje ya darasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutenganisha kazi ya mtunzi na sanaa jadiiya. Wimbo ukitiwa katika fungu la pili, jina la mtunzi hufifia na warithi wake hukosa pa kushika. Kwa hiyo neno "asili" katika jalada la albamu au katika tasnifu si la kupamba tu. Laweza kumnyang'anya mtu kazi yake.

Kizazi kilichofuata kinathibitisha kwamba mapokeo haya hayakugandishwa. Pendo na Leah Zawose, wajulikanao kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Wao ni wanawake wanaoongoza uimbaji na kupiga ala ambazo katika ukoo wao ziliongozwa na wanaume.

5.0 Hitimisho

Uhakiki umebainisha kwamba Zawose alirithi mfumo wa sauti, akatunga ala, mpangilio na namna ya kutenda. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zichambue rekodi moja baada ya nyingine, zikilinganishwa na uimbaji wa vijiji vya Dodoma ambako muziki huu ungali hai. Ulinganisho huo ndio utakaowapa Wagogo haki yao, na Zawose ya kwake.