Imani ya Malezi na Uamuzi wa Muthoni: Usomaji wa Njia Panda kwa Ushahidi wa Kisii na Nyamira

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kulichukulia suala la imani kuwa suala la kuhama. Mhusika hulelewa katika dini fulani, hufikia utu uzima, kisha ama huishika dini hiyo ama huiacha. Riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), imechangia sana kuujenga mtazamo huu. Jina la tafsiri yake ya Kiswahili, Njia Panda, linauzidisha. Jina la asili linaelekeza macho kwenye kile kilichopo baina ya pande mbili, ilhali la Kiswahili linadai uchaguzi, kwa kuwa aliyefika njia panda hawezi kuzifuata njia zote mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya dini katika Kisii na Nyamira inautia shaka mtazamo huo, na kwamba inamlazimisha mhakiki kumsoma upya Muthoni.

Muthoni ni binti wa Joshua, mhubiri wa Makuyu asiyekubali maridhiano. Amelelewa katika Ukristo tangu utoto, hajui nyumba nyingine. Hata hivyo, anamwambia dada yake Nyambura, wakiwa mtoni Honia, kwamba anataka kutahiriwa kama mama yao alivyotahiriwa. Anakimbilia kwa shangazi yake Kameno, anatahiriwa, jeraha lake linakataa kupona, na anafariki akiwa mikononi mwa wamisheni wa Siriana. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Muthoni hasemi popote kuwa ameuacha Ukristo. Anakata roho akiamini kwamba amemwona Yesu na kwamba amekuwa mwanamke kamili wa kabila lake. Wanaomlazimisha achague ni watu wengine: baba yake anayemkana, na wazee wa Kameno wanaokiona kifo chake kuwa hoja dhidi ya Makuyu.

Ukali wa usawiri huu una chimbuko la kihistoria. Katika miaka ya 1929 na 1930, baadhi ya misheni katika nchi ya Wagikuyu ziliwataka waumini watie sahihi kuikana tohara ya wasichana. Maelfu walikataa, wakajitenga, na kukaundwa makanisa na shule huru. Mgogoro huo ndio uliompa Ngũgĩ miinuko yake miwili inayotazamana. Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kutahadhari, kwa kuwa jambo lililotukia mahali pamoja limegeuzwa kuwa kanuni ya Afrika nzima.

Miongoni mwa Abagusii mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walianzisha misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Waadventista Wasabato, waliokuwa Gendia kwa Wajaluo tangu 1906, walifika Nyanchwa baada ya muda mfupi. Mwanzoni upinzani haukukosekana. Septemba 1914, baada ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani mjini Kisii, misheni ziliporwa. Katika miaka hiyohiyo imani ya Mumbo, iliyotokea kwa Wajaluo, ilipata wafuasi wengi Gusii kwa kuahidi kuondoka kwa wazungu na kwa kujiunganisha na jina la nabii Sakawa. Serikali ya kikoloni iliwapeleka uhamishoni baadhi ya viongozi wake. Lakini vizazi vilivyofuata vilijaa makanisani, wala hapakutokea, juu ya tohara, mfarakano wa kadiri ile ya Wagikuyu. Masimulizi ya Sakawa nayo hayakufa. Husimuliwa hadi leo na watu waliobatizwa utotoni, na katika vinywa vyao Sakawa huwa nabii aliyeuona mji wa Kisii kabla haujajengwa. Msimulizi haoni kwamba kwa kusimulia hivyo ameihama dini aliyolelewa nayo.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa ziada. Mungu wa kale wa Abagusii aliitwa Engoro. Katika ibada za Kikristo za Ekegusii jina lililoenea ni Nyasae, nalo lina udugu wa wazi na Nyasaye wa Wajaluo, ambao kwao Waadventista walipitia kabla ya kufika Gusii. Kwa hiyo mtoto anayefundishwa leo kwamba Nyasae ndiye Mungu wa nyumbani kwao, tofauti na mambo ya kigeni, amepewa urithi ambao sehemu yake iliazimwa kwa jirani. Imani ya malezi si kitu kizima kinachoweza kushikwa au kuachwa kwa mkono mmoja. Ilikuwa imeunganishwa kutoka vyanzo kadhaa kabla ya kumfikia anayelelewa.

Ushahidi mzito zaidi umo katika tohara ya wasichana. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu zilionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wa Kikisii wa umri wa miaka 15 hadi 49, waliotahiriwa walikuwa takriban asilimia 96 mwaka 2008-09, na asilimia 84 mwaka 2014. Hii ni jamii ambayo karibu yote ni ya Kikristo, na ambamo Waadventista wamelipinga jambo hilo kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba tendo ambalo kwa Muthoni lilikuwa tukio la pekee na la kufisha, Gusii lilikuwa kawaida ya mabinti wa waumini. Wengi walimfuata Muthoni bila Joshua wa kuwakana.

Huenda ikadaiwa kwamba hii ni mila wala si dini. Dai hilo lina uzito, kwani tohara ya Gusii ilihusu zaidi utu uzima na heshima kuliko ibada ya Engoro. Lakini mpaka baina ya mila na dini ulichorwa na mjadala uleule wa wamisheni na wapinzani wao, na riwaya ya Ngũgĩ inaonyesha jinsi kila upande unavyouchora pale unapoufaa. Dai jingine, kwamba huu ni Ukristo wa juu juu tu, linatosheka mapema mno. Linamhukumu muumini kwa kipimo cha Joshua, nacho ni kipimo ambacho riwaya yenyewe inakishutumu.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwa kuusifu upatanisho, kama wafanyavyo wahakiki wanaomwona Muthoni kuwa daraja baina ya tamaduni. Yanayobakizwa si nyimbo na masimulizi pekee. Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa na umati katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma za aina hiyo. Hofu ya mchawi ni imani iliyorithiwa kama zilivyorithiwa nyinginezo, nayo imedumu katika jamii ya watu waliolelewa kanisani. Migogoro ya ardhi hutajwa mara kwa mara nyuma ya tuhuma hizi, lakini tuhuma isingekuwa na nguvu kama hapangekuwa na wanaoiamini.

Kwa mtazamo huu, kifo cha Muthoni kinapata maana nyingine. Kimefasiriwa kama ishara kwamba upatanisho hauwezekani, au kama kafara ya upatanisho ujao. Fasiri zote mbili zinaupita mwili wa msichana haraka ili zifikie wazo. Kisii na Nyamira zinafundisha kwamba upatanisho unawezekana sana, kiasi cha kuwa jambo la kila siku. Swali ni nani anayeulipia. Katika riwaya analipa binti, huku Joshua, Kabonyi na hata Waiyaki wakijadiliana juu ya maana ya malipo hayo. Katika Gusii wamelipa wasichana na wanawake wazee.

Kupungua kwa takwimu kutoka 96 hadi 84 nako kuna maana yake. Nyuma ya tofauti hiyo wapo mama waliolelewa na wembe, wakaamua kwamba binti zao hawatapitia humo. Si lazima wawe wameiacha imani ya wazazi wao, kwa kuwa pengine wanaendelea kuimba nyimbo zilezile na kusali kwa Nyasae yuleyule. Wamechambua. Fasihi ya Afrika Mashariki bado haijampa mama huyu nafasi aliyopewa Muthoni. Uhakiki utakaoacha kuuliza iwapo mtu mzima ameihifadhi imani ya malezi yake, ukauliza ni sehemu gani ameihifadhi na kwa gharama ya nani, utakuwa umemwandalia nafasi hiyo.