Mstari Mwembamba Ndio Unaoamua

Ukipeleka ramani ya zamani ya mdomo wa Ruvuma kuskaniwa, utaulizwa: nukta ngapi kwa inchi? Usijibu haraka, wala usiseme "weka kubwa kabisa". Chukua kioo cha kukuzia, utafute mstari mwembamba kuliko yote: kontua, ukingo wa mikoko, au tarakimu ya kina cha maji. Huo ndio kipimo.

Kwenye ramani ya 1:50,000, mstari wa milimita 0.1 unabeba mita 5 za ardhi, na pale mto ni mpaka wetu na Msumbiji. Kwa nukta 300 kwa inchi, nukta moja ina upana wa karibu milimita 0.085, kwa hiyo mstari huo unapata nukta moja na ushei, nao hukatikakatika. Kwa 600 unapata zaidi ya mbili, ukasimama. Ramani yenye kontua mimi siiskani chini ya 600. Mchoro wa jengo wenye mistari minene, 300 hadi 400 inatosha ukichapa kwa ukubwa uleule. Ukikuza mara mbili, na nukta ziwe maradufu. Faili litakuwa zito: A0 ya rangi kwa 300 ni kama MB 420, kwa 600 ni GB 1.7. Nunua diski.

Hakikisha pia kwamba 600 hiyo inatoka kwenye skana yenyewe, si programu iliyojazia nukta.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipimi. Unyevu wa pwani huvimbisha karatasi, na roli za skana huivuta. Gridi ya kilomita 1 kwenye 1:50,000 ni milimita 20, yaani nukta 472 kwa 600. Hesabu kwa mlalo, kisha kwa wima. Zikitofautiana, ramani imevutika, na nukta nyingi hazitaiponya.

Mwenye mchoro wa enzi za mpango wa kikoloni wa kilimo cha karanga, wa gati ya Mtwara au reli ya Nachingwea, auskani kwa rangi hata kama unaonekana mweusi mtupu. Rangi ndiyo inayotenganisha doa la kutu na alama ya penseli. Hifadhi kwa TIFF. JPEG hula kingo za mistari. Usafishaji ufanyike kwenye nakala, faili la kwanza lisiguswe.

Fundi akikataa kukuonyesha kipande cha majaribio kabla ya kuskani karatasi nzima, chukua ramani yako utafute mwingine.