Mpiga Ngoma Asiyezeeka: Jinsi Mashabiki wa The Sisters of Mercy Wanavyousikiliza Muziki Wao

Roki ya gothi ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, mara baada ya wimbi la panki, na hutambulika kwa sauti nzito ya mwimbaji, gitaa la besi linalotangulizwa mbele ya magitaa mengine, na maudhui ya kifo, hofu na mapenzi yaliyoharibika. Miongoni mwa bendi zilizotokana na tawi hilo, The Sisters of Mercy, iliyoanzishwa na Andrew Eldritch na Gary Marx katika mji wa Leeds mwaka 1980, ni kisa cha pekee, kwa kuwa katika zaidi ya miongo minne imetoa albamu tatu tu za studio, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1990, na bado inazunguka Ulaya ikipiga mbele ya watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa albamu hiyo ilipotoka. Kusema kwamba mashabiki hao wanafuata kumbukumbu za ujana wao ni kurahisisha mambo, maana kijana hana kumbukumbu ya mwaka 1985. Maelezo yenye uzito zaidi yanapatikana katika namna muziki wenyewe ulivyojengwa, na hasa katika uamuzi mmoja wa kiufundi uliofanywa mapema, wa kumwondoa mpiga ngoma na kuweka mashine mahali pake.

Katika rekodi ya kwanza ya bendi hiyo, «The Damage Done» ya mwaka 1980, ngoma zilipigwa na Eldritch mwenyewe, ambaye hakuwa fundi wa kazi hiyo. Muda mfupi baadaye alihamia kwenye kipaza sauti, na kiti chake kikachukuliwa na Boss DR-55, mashine ndogo ya ngoma ambayo mtu angeweza kuibeba kwa mkono mmoja na ambayo ilimfaa zaidi mpiga gitaa anayejifunza nyumbani kuliko bendi inayopanda jukwaani. Mashine ya ngoma ni kifaa cha kielektroniki ambacho mtumiaji hukipangia ruwaza, yaani mpangilio wa mapigo unaojirudia, kisha kikaucheza mpangilio huo bila kubadilika hadi kizimwe. DR-55 ilikuwa na sauti nne tu: ngoma kubwa, ngoma ndogo, mlio wa kijiti kwenye ukingo wa ngoma, na matuazi. Bendi iliipa jina la Doktor Avalanche, ikaitaja kwenye orodha ya wanamuziki wake kama inavyomtaja mwanadamu, na jina hilo likaendelea kurithiwa na kila mashine iliyofuata.

Athari ya uamuzi huo haikuishia kwenye ngoma. Mpiga ngoma wa kawaida hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hushika mwendo, na pia huutangazia umma kwamba wimbo unageuka, kwa kupiga vipito vya haraka kabla ya kiitikio au kwa kuongeza nguvu pale mwimbaji anapopandisha sauti. Doktor Avalanche wa miaka ya mwanzo aliiweza kazi ya kwanza kuliko binadamu yeyote, lakini ya pili ilimshinda kabisa, kwa hiyo vyombo vingine vililazimika kuibeba. Craig Adams, aliyejiunga mwaka 1981, alipiga besi yenye mkwaruzo na kasi, ikishuka pamoja na ngoma kubwa kiasi kwamba msikilizaji huona vigumu kutenganisha wapi mashine inaishia na wapi nyuzi zinaanzia. Magitaa yaliachwa huru kuchora mstari mwembamba unaorudiarudia juu ya msingi huo, na sauti ya Eldritch, iliyo chini sana na kuzungushiwa mwangwi mrefu, ikapata nafasi pana katikati. Wimbo ulipotakiwa kugeuka, haukugeuzwa na ngoma. Uligeuzwa na kuingia kwa gitaa, au na kunyamaza kwake.

Hapo ndipo penye mzizi wa usikilizaji wa mashabiki. Kwa kuwa mdundo hausogei, kila kinachosogea juu yake huonekana waziwazi, na sikio likishazoea hali hiyo huanza kushika tofauti ndogo ambazo katika bendi yenye mpiga ngoma mwenye mbwembwe zingefunikwa. Shabiki wa muda mrefu wa The Sisters of Mercy hujua ni katika ziara ipi gitaa lilichelewa kuingia kwenye «Alice», wimbo wa mwaka 1982, na ni ipi mwimbaji aliruka ubeti. Kwa mtazamaji wa nje ujuzi huo ni kichekesho kidogo, ila hautofautiani sana na ule wa mpenzi wa taarab anayejua ni fidla gani ilipigwa na nani katika rekodi ipi.

Mashine zenyewe zilibadilika, na mabadiliko hayo ni sehemu ya elimu ya mashabiki. Baada ya DR-55 zilikuja Roland TR-606 na, kwa muda mfupi, TR-808, ambazo hutengeneza sauti zake kwa mikondo ya umeme bila kurekodi ngoma yoyote halisi, ndiyo maana milio yake ni mikavu na haifanani na ngozi iliyowambwa. Kisha ikaja Oberheim DMX ya Marekani, iliyofanya kazi kwa njia tofauti kabisa: ndani yake mlikuwa na sampuli, yaani vipande vifupi vya ngoma halisi vilivyorekodiwa kidijitali na kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mashine, vikichezwa kila mashine inapopokea amri. DMX ndiyo inayosikika katika albamu ya kwanza, *First and Last and Always* ya Machi 1985, iliyosimamiwa na mtayarishaji Dave Allen, na kwa wakati huo Wayne Hussey alikuwa amekwisha kuingia na gitaa lake la nyuzi 12, ambalo kila uzi huambatana na mwenzake na hivyo kutoa mlio mpana unaometameta. Mashabiki wamegawanyika kuhusu hatua hiyo. Wapo wanaoamini kwamba ukali wa nyimbo za mwanzo ulipotea pale ngoma zilipoanza kufanana na ngoma. Wapo wengine wanaoona kwamba bila uzito wa DMX nyuzi 12 za Hussey zingeelea hewani bila nanga, na rekodi zenyewe zinalielemea zaidi kundi hili la pili, ingawa *The Reptile House* ya mwaka 1983, yenye nyimbo za mwendo wa polepole na giza zito, inabaki kuwa ushahidi mzuri kwa kundi la kwanza.

Uthabiti wa mashine ulipata maana nyingine bendi ilipovunjika. Gary Marx aliondoka mwaka 1985, onesho la Juni mwaka huo katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London likarekodiwa kwa video na kutolewa kwa jina la *Wake*, na baada yake Hussey na Adams nao wakajitenga na kuunda bendi iliyokuja kuitwa The Mission. Jambo ambalo wachambuzi hulipita haraka ni kwamba The Mission walimwajiri mpiga ngoma wa damu na nyama, Mick Brown, na kwa hatua hiyo moja wakawa bendi ya aina nyingine: nyimbo zao hupumua, huongeza na kupunguza mwendo, na huwaalika wasikilizaji kuimba pamoja. Anayezisikiliza bendi hizo mbili kwa mfululizo huitambua tofauti kabla hajasikia sauti ya mwimbaji. Eldritch alibaki na jina la bendi na mashine, na kwa mashabiki wengi hilo lilitosha kuhesabiwa kuwa mwendelezo halali, kwa kuwa vitu viwili vilivyokuwapo tangu miaka ya mwanzo vilikuwa bado vipo.

*Floodland* ya mwaka 1987, ambayo Eldritch aliitengeneza huku Patricia Morrison akitajwa kama mshirika wake, ilionyesha ni umbali gani msingi ule mkavu ungeweza kubebeshwa. Kwa wimbo «This Corrosion» aliitwa Jim Steinman, mtunzi wa Marekani aliyefahamika kwa nyimbo za makeke za Meat Loaf, naye akaleta kwaya ya watu 40 kutoka New York Choral Society. Katika toleo la diski wimbo huo unapita dakika 10, muda ambao kwa kawaida ungehitaji mpiga ngoma anayejua kupanda na kushuka, lakini ngoma hapa zinaendelea kana kwamba kwaya haipo, na mgongano huo kati ya fahari ya sauti za wanadamu na ubaridi wa mashine ndio unaoupa wimbo kejeli yake. Ulifika nafasi ya 7 katika chati ya Uingereza. «Lucretia My Reflection», katika albamu hiyohiyo, unafundisha somo hilo kwa gharama ndogo zaidi: ngoma, besi moja inayojirudia, na sauti, basi.

Baada ya *Vision Thing* ya mwaka 1990, albamu yenye magitaa mengi na lawama nyingi kwa siasa za Marekani, uhusiano wa Eldritch na kampuni yake ya kurekodi uliharibika hadi akagoma kuipa kazi mpya. Mkataba ulimalizwa mwaka 1997 kwa njia ambayo mashabiki huisimulia kwa furaha isiyofichika: kampuni ilikabidhiwa rekodi za mradi ulioitwa SSV, ambamo sauti ya Eldritch ilitandazwa juu ya muziki wa tekno usio na ngoma. Mtu aliyejenga jina lake juu ya mashine ya ngoma alilipa deni lake kwa kuizuia isipige. Rekodi hizo hazikutolewa rasmi, ila zilivuja, na anayezisikia huelewa mara moja kile ambacho Doktor Avalanche alikuwa akikifanya miaka yote hiyo, kwa sababu bila yeye maneno hayana pa kukanyaga.

Tangu hapo hakuna albamu mpya ya studio, lakini nyimbo mpya zimeendelea kuzaliwa na kupigwa jukwaani tu, miongoni mwake «Summer», «Crash and Burn» na «Will I Dream?», na katika miaka ya karibuni zaidi «Show Me on the Doll» na «But Genevieve». Kwa bendi nyingi hali hii ingekuwa mwisho wa safari. Hapa iligeuza mgawanyo wa kazi: jukumu la kuhifadhi, ambalo kwa desturi ni la kampuni ya kurekodi, lilihamia kwa mashabiki, ambao tayari walikuwa na mazoea ya kubadilishana kanda zilizorekodiwa kwa siri ukumbini katika miaka ya 1980. Kanda ya namna hiyo ina kasoro zinazojulikana. Kipaza sauti kikiwa mfukoni, besi hujaa na kumeza maneno. Kikiwa karibu na mtu anayeimba, huyo ndiye anayesikika kuliko mwimbaji. Na kila kanda inaponakiliwa kutoka kanda nyingine, mvumo wa chinichini huongezeka. Mkusanyaji makini huuliza nakala ni ya kizazi cha ngapi kabla hajauliza ni ya tarehe gani. Mashine ya ngoma humsaidia hata katika kazi hii, kwa maana mwendo usiobadilika humwezesha mtu kuweka rekodi mbili za usiku mmoja bega kwa bega na kujua ni ipi imechezwa kwa kasi isiyo sahihi, jambo ambalo kwa bendi yenye mpiga ngoma wa kawaida lingebaki la kubahatisha.

Upendo huo si wa kipofu. Katika maonyesho ya karne hii hata besi imekuwa ikitoka kwenye kompyuta, na yule anayeiendesha hupewa cheo cha mzaha cha muuguzi wa Doktor. Moshi wa jukwaani huwa mzito hivi kwamba watu wa safu za nyuma hulipia tiketi ili kuona vivuli. Na sauti ya Eldritch, aliyezaliwa mwaka 1959, siku nyingine huzama chini ya magitaa. Wanaoyasema haya kwa ukali zaidi ni mashabiki wenyewe, na wanayasema kwa haki. Kuondolewa kwa mpiga besi ni hasara ya kweli, kwa kuwa yule ndiye aliyeifanya mashine ionekane hai. Pale besi nayo ilipoingizwa ndani ya mashine, ule mvutano kati ya kidole na saa ulififia, na magitaa mawili yaliyobaki yamelazimika kufanya kazi ambayo hayakuumbiwa. Zaidi ya hapo, Eldritch hukana kabisa kwamba bendi yake ni ya gothi na husisitiza kwamba anapiga roki, kauli ambayo waliovaa nguo nyeusi mbele yake wameizoea na hawaitilii maanani.

Msomaji ambaye hajawahi kuisikia bendi hii asianze na albamu. Atafute «Temple of Love» katika matoleo yake mawili, lile la mwaka 1983 na lile la mwaka 1992, ambalo Ofra Haza, mwimbaji wa Israeli mwenye asili ya Yemen, aliongeza sauti yake na kuufikisha wimbo nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza. Asiifuate sauti ya mwimbaji yeyote kati yao katika usikilizaji wa kwanza. Afuate ngoma kubwa mwanzo hadi mwisho, kisha aamue mwenyewe ni toleo lipi linalostahili kurudiwa. Mashabiki wamekuwa wakibishana juu ya hilo tangu mwaka 1992, na hoja za wanaotetea lile la kwanza ndizo zenye nguvu zaidi.