Mzigo na Mstari: Uchoraji wa Maisha ya Kila Siku katika Bandari ya Port Bell

Kutoka Bugolobi, barabara ya Port Bell huteremka kuelekea Luzira, ambako jiji la Kampala hulifikia Ziwa Viktoria. Kabla reli kutoka Kenya haijafika Kampala mwaka 1931, shehena zilivushwa kwa meli kutoka Kisumu hadi bandari hiyo, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell. Ajabu ni kwamba bandari iliyo karibu kiasi hicho na Makerere haikupata nafasi inayoistahili katika uchoraji uliozaliwa chuoni hapo.

Sababu moja ni mbinu. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi tukio, nao wakalichora kama walivyoliona akilini. Njia hiyo iliwakinga wasiige tu michoro ya Ulaya, lakini ilielekea kuzaa kijiji cha kumbukumbu, kilichotulia, chenye watu wanaojuana. Gati halichoreki hivyo. Mchukuzi mwenye gunia begani hupinda shingo, ubavu mmoja ukakaza na mwingine ukalegea. Asipotazamwa papo hapo, mchoraji hubaki na umbo la mtu akapoteza uzito.

Hata hivyo Sam Ntiro, mwanafunzi wa Trowell kutoka Machame, aliujua mzigo. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iliyomo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, ni picha ya uchukuzi. Ndani yake kundi lina uzito kuliko mtu mmoja mmoja, na huo si udhaifu: mzigo ni wa wote, na mwisho wa safari ni sherehe. Mtindo huohuo ukihamishiwa Port Bell utapotosha. Wachukuzi wa bandarini wameletwa pamoja na ujira, si udugu; kila mmoja amekuja na njaa ya nyumba yake. Mstari hauna budi kuwatenganisha: mkaa mzito chini ya gunia, mwembamba kwa meli iliyo nyuma.

Mipango ya bandari huhesabu tani na mabehewa. Ramani ya mhandisi huonyesha upana wa gati, si mahali mchukuzi anapotua mzigo, wala kivuli ambamo mama huuza chakula, wala mtumbwi wa mukene, yaani dagaa, unaotafuta pa kutia nanga. Mchoro wa makaa uliofanywa hapohapo, ukiwekwa mezani kando ya ramani ya upanuzi, ungemlazimu mshauri aulize mama huyo atahamia wapi.